Shilingi Kushuka, Bei Kupanda: Mchuuzi Mdogo na Mwananchi wa Kawaida Nchini Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Methali hii humhimiza mtu aweke kando sehemu ya kile alichonacho leo ili kimfae kesho. Hata hivyo, akiba inapokuwa ya noti na sarafu, ukweli wa methali hii hutegemea jambo moja ambalo mwenye akiba hana uwezo nalo, nalo ni thamani ya fedha zenyewe. Noti ya shilingi 1,000 iliyofichwa sandukuni kwa miaka mitano itatoka ikiwa bado noti ya shilingi 1,000. Haitakuwa imeliwa na mchwa wala kupunguka tarakimu hata moja, lakini kapu ambalo ingelijaza wakati ilipofichwa halitajaa tena.

Mazungumzo kuhusu thamani ya shilingi na mfumuko wa bei kwa kawaida huachiwa wataalamu wa uchumi. Taarifa zake hujaa asilimia na majina ya taasisi, na msikilizaji wa kawaida huishia kujua tu kwamba hali ni ngumu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kushuka kwa thamani ya shilingi kunavyosafiri kutoka katika soko la fedha za kigeni hadi kwenye kibanda cha mama mboga, karakana ya fundi wa jua kali na jiko la mwananchi wa kawaida nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya hasara haionekani katika bei inayotajwa. Hujificha katika mambo mawili yasiyotangazwa popote: kipimo kinachopungua, na mtaji unaoliwa ilhali daftari la mfanyabiashara linaonyesha faida.

Maana ya Istilahi

Ni muhimu kwanza kutofautisha dhana tatu ambazo aghalabu huchanganywa. Kiswahili kinatusaidia katika jambo hili, kwa kuwa mofolojia ya vitenzi vyake hubainisha nani ametenda na nini kimetendeka.

Dhana ya kwanza ni kushusha thamani ya sarafu. Hapa kuna mtendaji. Serikali au benki kuu, ikiwa ndiyo inayopanga kiwango cha kubadilishia fedha, hutangaza kwamba kuanzia siku fulani dola moja itanunuliwa kwa shilingi nyingi zaidi. Dhana ya pili ni kushuka kwa thamani ya sarafu. Katika hali hii hakuna tangazo. Wanaotaka dola huwa wengi kuliko wanaoziuza, na bei ya dola hupanda siku baada ya siku sokoni. Tofauti ya shuka na shusha ni kiambishi tu, lakini katika historia ya uchumi wa Kenya inatenganisha vipindi viwili, kama itakavyoonyeshwa.

Dhana ya tatu ni mfumuko wa bei, yaani hali ya bei za bidhaa na huduma kwa jumla kuendelea kupanda. Kitenzi fumuka husemwa kuhusu kitu kilichoshonwa au kusukwa kinapoachia nyuzi. Picha hii inafaa mno. Uzi mmoja wa mkeka ukiachia, wa jirani nao hulegea. Vivyo hivyo, bei ya dizeli ikipanda, nauli hupanda. Nauli ikipanda, bei ya sukuma wiki iliyosafirishwa kwa lori hupanda. Na anayekula sukuma wiki hiyo hutaka ujira zaidi.

Kuna jozi nyingine ya vitenzi inayostahili kutajwa hapa, kwa kuwa husikika kila siku sokoni. Mteja husema, "Mama, mbona umepandisha nyanya?" Muuzaji naye hujibu, "Si mimi, mwanangu, nyanya zimepanda." Mteja ametumia kitenzi cha kusababisha na kumfanya muuzaji kuwa mtendaji. Muuzaji amerudi kwenye kitenzi kisicho na msababishi. Katika ubishi huo mfupi mna swali zima la makala haya: ni nani hasa aliyepandisha?

Historia Fupi ya Shilingi ya Kenya

Benki Kuu ya Kenya iliundwa mwaka 1966, na mwaka huohuo shilingi ya Kenya ikachukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki. Wakati huo dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na takriban shilingi 7. Kwa miaka mingi iliyofuata serikali ndiyo iliyopanga kiwango hicho, na mara kadhaa, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliishusha thamani ya shilingi kwa uamuzi rasmi. Kufikia mwaka 1990 dola moja ilinunuliwa kwa wastani wa takriban shilingi 23.

Kipindi kilichowaumiza Wakenya zaidi kilifuata punde baadaye. Mnamo Novemba 1991 wafadhili wa kigeni walisimamisha misaada wakidai mageuzi ya kisiasa na kiuchumi. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu kurejeshwa kwa mfumo huo ulifanyika Desemba 1992, na fedha nyingi ziliingizwa katika mzunguko kabla yake. Isitoshe, kashfa ya Goldenberg, ambapo mabilioni ya shilingi yalilipwa kama marupurupu ya kuuza nje dhahabu na almasi, ilidhoofisha zaidi hazina ya taifa. Wastani wa bei ya dola uliruka kutoka takriban shilingi 32 mwaka 1992 hadi shilingi 58 mwaka 1993. Mfumuko wa bei ulifikia wastani wa takriban asilimia 46 katika mwaka huo wa 1993. Mwaka uliofuata, noti ya shilingi 1,000 ilitolewa kwa mara ya kwanza.

Mwaka huo wa 1993 ndio pia uliofunga mlango wa kushusha na kufungua ule wa kushuka, kwa sababu shilingi iliachwa ipangiwe thamani na soko. Tangu wakati huo imeyumba mara kadhaa. Mwaka 2011 dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban shilingi 81 mwanzoni mwa mwaka ilipita shilingi 105 mwezi Oktoba, na mfumuko wa bei ukafikia asilimia 19.7 mwezi Novemba. Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 7 mwezi Septemba hadi asilimia 18 mwezi Desemba ili kuinusuru shilingi. Kipindi cha karibuni zaidi ni cha kuanzia 2022 hadi mwanzoni mwa 2024. Dola ilinunuliwa kwa takriban shilingi 113 mwanzoni mwa 2022, shilingi 123 mwishoni mwa mwaka huo, shilingi 156 mwishoni mwa 2023, na ilipita shilingi 160 mnamo Januari 2024.

Tarakimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Bidhaa iliyogharimu dola 100 ililipiwa shilingi 12,300 mwishoni mwa 2022, na shilingi 15,600 mwaka mmoja baadaye. Kwa anayenunua, bei yake imeongezeka kwa takriban asilimia 27. Kwa anayeihesabu shilingi yenyewe, imepoteza takriban asilimia 21 ya thamani yake mbele ya dola. Asilimia zote mbili ni sahihi. Hata hivyo, mchuuzi hukutana na ile ya kwanza.

Njia za Dola Kufika Kibandani

Huenda mtu akauliza: mama mboga hanunui wala hauzi kwa dola, mabadiliko hayo yanamhusuje? Kuna angalau njia tatu.

Njia ya kwanza ni bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Kenya hununua nje sehemu kubwa ya ngano yake, na kwa miaka mingi Urusi na Ukraine zimekuwa miongoni mwa wauzaji wakuu. Mafuta ya kupikia hutengenezwa humu nchini, lakini malighafi yake, yaani mafuta ya mawese, hutoka hasa Indonesia na Malaysia. Kwa hiyo chapati moja ya kibandani ina unga wa ngano uliolipiwa dola na mafuta yaliyolipiwa dola. Mwaka 2022 mambo mawili yalikutana: vita vya Ukraine vilivyoanza Februari vilipandisha bei za ngano na mafuta duniani, na Indonesia ikapiga marufuku uuzaji wa mafuta ya mawese nje kwa majuma kadhaa kuanzia mwishoni mwa Aprili. Shilingi iliyokuwa ikishuka iliongeza uzito juu ya mzigo huo. Hali kadhalika, marobota ya mitumba yanayofunguliwa Gikomba jijini Nairobi au Kongowea jijini Mombasa, mabati yanayokatwa na mafundi wa Kamukunji, na dawa nyingi katika duka la dawa, vyote huanza safari yake kwa bei ya dola.

Njia ya pili ni nishati. Petroli na dizeli zote huagizwa kutoka nje, na bei zake hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi. Mwezi Oktoba 2023 lita moja ya petroli jijini Nairobi ilifikia shilingi 217.36. Ni kweli kwamba shilingi haikuwa sababu pekee. Bei ya mafuta ghafi ilikuwa imepanda, na mwezi Julai mwaka huo ushuru wa ziada ya thamani juu ya mafuta ulikuwa umeongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Aidha, bili ya umeme nchini Kenya ina fungu mahsusi linalotokana na mabadiliko ya thamani ya fedha za kigeni. Kinyozi mwenye mashine moja ya kunyolea hulipia kushuka kwa shilingi kila anaponunua umeme, hata kama hajawahi kuishika dola mkononi.

Njia ya tatu ni deni la taifa. Sehemu kubwa ya deni la Kenya iko katika fedha za kigeni. Shilingi ikishuka, deni halibadiliki kwa dola, lakini shilingi zinazohitajika kulilipa huongezeka. Shilingi hizo hutafutwa kwa wananchi kupitia kodi. Mwaka 2023 hofu kwamba Kenya huenda ikashindwa kulipa hati ya dhamana ya dola bilioni 2 iliyofaa kulipwa Juni 2024 ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozidi kuisukuma shilingi chini. Hivyo, deni huishusha shilingi, na shilingi iliyoshuka hulifanya deni kuwa zito zaidi.

Bei Isiyobadilika, Kipimo Kinachopungua

Biashara ndogo ndogo nchini Kenya huendeshwa kwa kile kinachoitwa mtaani uchumi wa kadogo. Mwananchi anayelipwa kwa siku hununua kwa siku: mafuta ya kupima ya shilingi 20, sukari ya shilingi 10, fungu la nyanya, kipande cha sabuni. Bei hizi hufungwa na sarafu zilizopo mifukoni. Andazi la shilingi 10 haliwezi kuuzwa kwa shilingi 11 na senti 50, kwa kuwa kutafuta chenji ni kazi kuliko kuuza. Bei ya kadogo haipandi polepole kama ngazi ndogo. Ama inabaki palepale au inaruka kwa shilingi tano au kumi kwa mkupuo. Mruko wa kutoka shilingi 10 hadi 15 ni ongezeko la nusu nzima, na mteja hulikimbia.

Kwa hiyo mchuuzi huanza kwa kupunguza kipimo. Tuchukue mfano wa andazi la gramu 60. Likipunguzwa likawa la gramu 50 na bei ikabaki shilingi 10, mteja ameongezewa bei kwa asilimia 20 bila tarakimu yoyote kubadilika. Fungu la nyanya tano huwa la nyanya nne. Kipande cha sabuni hukatwa chembamba. Wanaonunua mahindi na maharagwe kwa gorogoro, yaani ule mkebe unaobeba takriban kilo 2, hulalamikia mikebe iliyobonyezwa kitako ili ibebe kidogo. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba huchukulia kwamba kibaba ni kilekile leo na kesho. Katika uchumi wa kadogo wakati wa mfumuko, ujazaji wa kibaba haukomi kwa sababu haba yenyewe inazidi kuwa haba.

Matokeo yake ni kwamba maskini hulipa zaidi kuliko tajiri kwa bidhaa ileile. Mwenye uwezo hununua dumu la lita 20 za mafuta au gunia zima la mahindi, na hata bei zikipanda kesho, yeye ana akiba ya mwezi. Anayenunua kwa kadogo hukutana na bei mpya kila jioni. Hii ndiyo sababu wastani wa mfumuko unaotangazwa haulingani na maumivu ya nyumbani. Mnamo Oktoba 2022 mfumuko wa jumla nchini ulikuwa asilimia 9.6, lakini ule wa vyakula ulikuwa takriban asilimia 15.8. Familia inayotumia sehemu kubwa ya mapato yake kwa chakula iliishi karibu zaidi na asilimia hiyo ya pili.

Mtaji Unaoliwa bila Mwizi

Athari ya pili iliyojificha humwangukia mfanyabiashara mwenyewe. Tuseme mwenye duka dogo ana mtaji wa shilingi 20,000. Ananunua bidhaa kwa muuzaji wa jumla, anaziuza kwa majuma mawili, na kupata shilingi 23,000. Daftari linasema faida ni shilingi 3,000, naye anaitumia yote nyumbani kwa kodi, chakula na karo. Anaporudi kwa muuzaji wa jumla na shilingi zake 20,000, anaambiwa kwamba bidhaa zilezile sasa ni shilingi 21,000. Anapungukiwa na shilingi 1,000. Maana yake ni kwamba faida yake halisi ilikuwa shilingi 2,000, na ile shilingi 1,000 nyingine ilikuwa kipande cha mtaji kilichojifanya faida. Ameila bila kujua.

Hali hii ikirudiwa mara sita, kila mara bei za jumla zikiongezeka kwa asilimia 5, shilingi 20,000 zilezile zitanunua robo tatu tu ya bidhaa za mwanzo. Rafu zitaonekana tupu. Majirani watasema mwenye duka amezubaa, au anakula biashara. Yeye mwenyewe atajilaumu, kwa kuwa hesabu zake zinaonyesha kwamba hajawahi kuuza kwa hasara. Mali bila daftari hupotea bila habari; lakini katika wakati wa mfumuko mali yenye daftari pia hupotea, ikiwa daftari hilo linahesabu shilingi pekee.

Fundi wa jua kali hukabiliwa na hatari hiyohiyo kwa sura nyingine. Mteja anaagiza lango la chuma, wanakubaliana bei, na fundi anapokea malipo ya awali. Kufikia siku ya kununua vyuma, bei imebadilika. Fundi ana njia tatu, na zote ni mbaya: kumwendea mteja kumwomba nyongeza na kuonekana tapeli, kutumia chuma chembamba na kuharibu jina lake, au kukamilisha kazi kwa hasara.

Zaidi ya hayo, maduka mengi ya mtaani hukopesha. Mteja anayechukua unga tarehe 5 na kulipa mwisho wa mwezi hulipa kwa shilingi zilizopungua uzito. Kinadharia, mfumuko humfaa mdeni na kumuumiza mkopeshaji. Ila mwenye duka huwa pande zote mbili kwa njia isiyomfaa: huwakopesha majirani bila riba, na mtaji ukipungua yeye hukopa kwa riba. Benki Kuu inapopandisha kiwango chake ili kuitetea shilingi, kama ilivyofanya hadi kufikia asilimia 13 Februari 2024, mikopo ya benki huwa ghali zaidi. Dawa inayoitibu shilingi humlemea mchuuzi aliyekuwa tayari mgonjwa.

Mshahara, Chama na Akiba

Mwenye mshahara anaweza kudhaniwa kuwa salama, kwa kuwa kipato chake hakiyumbi. Hapo ndipo penye tatizo. Mshahara usioyumba wakati bei zinapanda ni mshahara unaokatwa kila mwezi bila barua ya kumwarifu anayekatwa. Mfanyakazi wa nyumbani, mlinzi wa usiku na mstaafu anayepokea pensheni isiyobadilika huumia zaidi, kwa sababu hawana chama chenye nguvu cha kuwatetea.

Vyama vya akiba vya mzunguko navyo vinastahili kuangaliwa. Tuchukue chama cha wanawake 12, kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao akipokea shilingi 12,000. Fedha zikiwa imara, kupokea kwanza au mwisho ni suala la bahati na mahitaji tu. Katika mwaka ambao bei zimeongezeka kwa asilimia 46, anayepokea mwisho hupewa shilingi 12,000 zinazonunua kile ambacho takriban shilingi 8,200 zingenunua mwanzoni. Hata kwa mfumuko wa asilimia 9.6, thamani hiyo ni takriban shilingi 10,950. Hakuna aliyemwibia mwenzake, na kila mmoja ametoa sawasawa, lakini usawa umevunjika. Baadhi ya vyama humnunulia mwanachama sufuria, blanketi au mabati badala ya kumkabidhi fedha. Njia hii haiondoi tofauti ya bei kati ya wa kwanza na wa mwisho, lakini humwepusha mwanachama na kukaa na fedha zinazoyeyuka mkononi.

Je, Hakuna Anayefaidika?

Itakuwa si haki kudai kwamba kila mtu hupoteza. Wakenya wanaoishi ng'ambo, hasa Marekani, Uingereza na nchi za Ghuba, walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4 mwaka 2022, na vivyo hivyo mwaka 2023. Mzazi aliyepokea dola 100 kutoka kwa mwanawe alipata shilingi nyingi zaidi kila mwezi shilingi iliposhuka. Majani chai ya Kenya huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa, kwa hiyo mkulima wa Kericho au Murang'a ana haki ya kutarajia shilingi zaidi. Hoteli za Pwani zinazopokea watalii wa kigeni ziko katika kundi hilo.

Hata hivyo, faida hizo huja na makato yake. Mbolea ya mkulima wa chai huagizwa kutoka nje. Mzazi anayepokea dola 100 huenda kununua unga uleule uliopanda. Na aliye nje ya makundi haya, kwa mfano mwenye kibanda mtaani Kawangware au Changamwe, hupokea bei mpya bila kupokea dola.

Shilingi Inapopata Nguvu

Februari 2024 serikali ya Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa kutoa hati mpya ya dhamana, na kutumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya ile iliyokaribia kufika muda wake. Hofu ilipungua, na katika muda wa majuma machache dola ilishuka kutoka zaidi ya shilingi 160 hadi karibu shilingi 130. Tangu katikati ya mwaka huo ilitulia kwa muda mrefu karibu na shilingi 129. Wateja wengi waliuliza swali la haki: mbona bei hazirudi zilikokuwa?

Jibu lina sehemu tatu. Kwanza, bidhaa zilizokuwa madukani zilinunuliwa wakati dola ilikuwa ghali, na muuzaji hataki kuziuza kwa hasara. Pili, gharama nyingine, zikiwemo kodi, hazikurudi nyuma pamoja na dola. Tatu, kuna kosa la kilugha linalowapotosha wengi. Taarifa inaposema mfumuko wa bei umepungua, haisemi kwamba bei zimepungua. Inasema kwamba bei zinaendelea kupanda ila kwa mwendo wa polepole. Matatu inayopunguza mwendo kutoka kilomita 100 hadi 40 kwa saa bado inakwenda mbele. Mwananchi asiyeelezwa tofauti hii humwona mwenye duka kuwa mlafi, naye mwenye duka humwona mteja kuwa msumbufu.

Serikali nazo zimejaribu kuingilia kati kwa ruzuku. Julai 2022, pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi iliyokuwa imepita shilingi 200 iliamriwa iuzwe kwa shilingi 100. Unga huo uliadimika katika maduka mengi, na nafuu hiyo haikudumu. Tukio hili linathibitisha kwamba bei inaweza kushushwa kwa amri, lakini bidhaa haziwezi kujazwa rafuni kwa amri hiyo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kushuka kwa shilingi humfikia mwananchi kupitia bidhaa za nje, nishati na deni la taifa, na kwamba mzigo wake mkubwa hubebwa na wale wanaonunua na kuuza kwa kadogo. Swali la nani aliyepandisha haliwezi kujibiwa kwa kumnyoshea kidole mama mboga, ambaye mara nyingi amepunguza faida yake kabla ya kupunguza fungu lake.

Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, taarifa za uchumi nchini huandikwa kwa wingi kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili wana wajibu wa kuzifasiri taarifa hizo kwa lugha inayoeleweka sokoni, wakizingatia tofauti kama zile za kushuka na kushusha, au za mfumuko kupungua na bei kupungua. Pili, mchuuzi anafaa kuweka daftari linalohesabu kilo, lita na marobota pamoja na shilingi. Kabla ya kuziita fedha zozote faida, aulize kwanza bei ya leo ya muuzaji wa jumla, atenge kiasi kitakachorudisha bidhaa zilezile rafuni, kisha kinachobaki ndicho akipeleke nyumbani. Hatua hiyo haitaizuia shilingi kushuka, lakini itamwezesha kuijua hasara yake mapema, kabla mtaji haujaisha.